Mgomba umevunjika katikati mchana bila upepo. Hivi huu mmea unasimama kwa maji au kwa nyuzi?

#1 Mluguru wa Mjini
Habari wakuu. Nina migomba yangu huku Mkuyuni, Morogoro, mchanganyiko wa mzuzu na mshale, ipo karibu na kijito. Juzi saa tisa alasiri, jua la kuchoma, hata jani halitikisiki, mgomba mmoja wenye mkungu umejikunja usawa wa kifua ukalala. Sio kwamba umeng'oka, mizizi iko palepale ardhini, kisiki kimetulia, ni shina tu limepinda likapasuka. Nikachukua panga nikalikata nione ndani kuna nini, nakuta maganda juu ya maganda mpaka katikati, maji yanachuruzika, hakuna mbao hata ya kutengenezea kijiti cha meno. Ndio nikabaki najiuliza, kitu kisicho na mbao kinabebaje mkungu wa kilo 30 juu ya kichwa cha mtu miezi na miezi? Jirani mmoja kaniambia mgomba ni maji tu, ukikosa maji unalala. Mwingine anasema maji hayabebi kitu, huyo ni mdudu fukusi. Nani anasema kweli hapo?

#2 mchokozi_tz
Mkungu wa kilo 30 Mkuyuni? Tupia picha kwanza ndio tuanze kuchangia 😂

#3 Ticha_Bio
Jirani wa kwanza ana hoja kubwa. Ngoja nieleze taratibu maana hii mada huwa tunaipita haraka darasani halafu wanafunzi wanabaki na jina la osmosisi tu bila kuona inafanya kazi gani.

Seli ya mmea ina ukuta wa nje wa selulosi, mgumu ila unanyumbuka kidogo. Ndani ya ukuta kuna utando mwembamba sana unaochagua kipi kipite kipi kisipite. Halafu katikati kuna vakuoli, yaani mfuko wa maji yenye madini na sukari, na kwenye seli iliyokomaa huo mfuko unaweza kuchukua mpaka asilimia 90 ya nafasi yote. Kwa kuwa ndani kuna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko nje, maji yanaingia, ndiyo osmosisi yenyewe, na yanaendelea kuingia mpaka utando unausukuma ukuta na ukuta nao unasukuma kurudi. Wakilingana nguvu hapo seli imekaza. Kwenye majani ya mimea mingi presha hiyo ni kati ya baa 3 na 10 hivi. Sasa linganisha na tairi la gari dogo, unajaza psi 30 mpaka 35 ambayo ni baa 2 na ushee, na linabeba gari na abiria na mizigo ya sikukuu. Mpira peke yake bila upepo haubebi kitu, na upepo peke yake bila mpira haubebi kitu. Mgomba wako umejaa mamilioni ya vyumba vya namna hiyo, kila kimoja na presha yake, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa lile shina ni maji.

Ukikosa maji presha inashuka, ikifika sifuri ukuta hauna wa kuusukuma, shina linalegea. Ndio kulala kwenyewe huko.

#4 fundi randa
Ticha heshima yako, ila hapo umeegemea upande mmoja. Mimi kazi yangu mbao, nimeshika kila aina, na nakwambia kitu chochote kinachosimama kinasimama kwa nyuzi. Ukivunja ganda la mgomba ukalivuta taratibu unaona nyuzi zinatoka ndefu kabisa kutoka chini mpaka juu. Kamba za Manila walizokuwa wanafungia meli zilitengenezwa kwa mgomba wa Ufilipino ambao ni ndugu wa damu wa huu wetu. Nyuzi zinazoshika meli isiende na bahari zishindwe kushika mkungu wa ndizi? Maji yamo ndio, ila maji ni chakula cha mmea, kubeba ni kazi ya nyuzi.

#5 Mama Mchicha
Sijasoma hayo mambo ya seli ila nauza mboga. Mchicha ukiletwa mchana kwenye kiroba umelala wote, majani yameangukia shina, mteja hata hageuki. Nakata kidogo miguu ya chini, nautia kwenye beseni la maji kivulini, naufunika na kitambaa kibichi. Ukirudi baadae umesimama wenyewe wima kabisa na majani yametanuka unadhani umechumwa saa hiyo. Sijauongeza nyuzi wala sijaufunga kamba fundi, nimeupa maji tu. Sasa kama maji ni chakula tu mbona umesimama?

#6 mchokozi_tz
Fundi kapigwa na mchicha 🤣 mechi imeisha dakika ya tano

#7 fundi randa
Haijaisha. Mama, mchicha unabeba nini? Unajibeba wenyewe tu tena mfupi wa kufika gotini. Mgomba unabeba mkungu. Na nikuulize Ticha, bua la mahindi likishakauka mwezi wa saba, halina maji kabisa, ukiligusa linalia kwa ukavu, mbona linasimama shambani mpaka ulikate? Presha iko wapi hapo?

#8 Dogo Fomu Siksi
Swali kwa Ticha, kwa hiyo maji yanasukumwa kutoka mizizini kwa presha mpaka juu, yanajaza shina ndio linakaza? Yaani mmea wote ni bomba moja lenye presha?

#9 Ticha_Bio
Dogo hapana, na hapa wengi wanachanganya. Kuna mifumo miwili ndani ya mmea mmoja. Kwenye mirija ya zailemu, inayopandisha maji, mchana maji hayasukumwi, yanavutwa. Majani yanapoteza maji kwa kuvukiza kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, maji yanayotoka yanavuta yanayofuata na hayo yanavuta ya chini yake mpaka mizizini, kwa sababu molekuli za maji zinashikana. Hiyo nadharia waliileta Dixon na Joly mwaka 1894 na mpaka leo ndiyo inayotumika. Kwa hiyo mrija uko kwenye hali ya kuvutwa, ndio maana kuta zake zimeimarishwa kwa lignini, ile inayoipa mbao ugumu, zisije zikabonyea ndani, wakati seli hai za pembeni yake ziko kwenye presha ya kusukuma nje. Kila seli ina presha yake yenyewe na utando wake wa kuilinda.

Usiku ndio mambo yanageuka kidogo. Jani halipotezi maji mengi, mizizi inaendelea kuingiza madini na maji yanafuata, ndio unapata msukumo wa kweli kutoka chini. Yale matone unayoyaona alfajiri yamejipanga kwenye ncha za majani ya nyasi au nyanya, mengi sio umande, ni maji ya ndani yaliyosukumwa nje.

Fundi nakuja kwako. Bua kavu linasimama kwa lignini na nyuzi za gamba la nje, sina ugomvi na hilo. Lakini jaribu kusimamisha mgomba uliokauka. Unashuka chini wenyewe.

#10 Kamachumu Original
Nakazia hapo kwa maji ya usiku. Sisi huku Kagera tumekulia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Ukikata mgomba uliokwisha kuzaa ukabakiza kisiki, ukachimba shimo dogo juu yake usawa wa bakuli, jioni, asubuhi unakuta limejaa maji. Mvua haijanyesha wala hakuna mtu aliyemwaga. Tulikuwa tunafanya tukiwa watoto.

Ila nimrekebishe mleta mada na wote mnaodhani mgomba ni maganda matupu mpaka katikati. Kabla haujatoa ua ni kweli lile unaloliona ni maganda ya majani yaliyobanana, shina lenyewe liko chini ardhini kwenye kisiki. Lakini ukikaribia kuzaa, shina la kweli linapanda kutoka kisikini likipita katikati ya maganda mpaka juu na ndilo linalotokeza na mkungu. Ukikata mgomba uliozaa unaona katikati kabisa kuna kitu cheupe cha mviringo, kigumu kuliko maganda. Hicho ndicho. Mluguru, ulikiona?

#11 Mluguru wa Mjini
Nilikiona mkuu, cheupe, unene kama wa mkono wangu, nikadhani ni jani changa. Kilikuwa kimepasuka pale pale ulipopinda.

#12 mhandisi zege
Naomba niingie kidogo, nimesoma mpaka hapa mnabishana maji na nyuzi na hakuna aliyetaja umbo. Chukua ganda moja la mgomba ulikate kwa upana uangalie. Limejipinda mwezi mchanga, ngozi ya nje ngumu, ngozi ya ndani laini, katikati kuna vyumba vya hewa vimepangana mstari mmoja vimetenganishwa na kuta nyembamba, na kila baada ya nafasi fulani kuna kiwambo kinachokatiza kile chumba. Kwenye kazi yetu kitu kinachopinda kinaumia zaidi upande wa nje kabisa na upande wa ndani kabisa, katikati hakifanyi kazi kubwa, ndio maana unatoa nyenzo katikati unaipeleka pembeni. Mgomba umefanya hivyo hivyo. Ile hewa inapunguza uzito na vile viwambo vinazuia ganda lisibonyee. Halafu maganda kumi na kitu yanabanana, kila moja limekaza kwa maji, yanasukumana yenyewe kwa yenyewe, msuguano wake unafanya yote yafanye kazi kama nguzo moja. Ganda moja moja likilegea, msuguano unapotea, yanaanza kuteleza, nguzo inageuka rundo la maganda.

Kwa hiyo mimi nasema ni umbo. Maji na nyuzi ni malighafi tu.

#13 mchokozi_tz
Sasa tumekuwa na vyama vitatu. Bado wa nne tuitishe uchaguzi

#14 Bi Kizota
Mmenikumbusha mibuyu yetu Dodoma. Watu wanaona mti mnene vile wanadhani ni mbao tupu. Ukiupiga panga linazama, ni laini na umejaa maji, sehemu kubwa ya uzito wa mbuyu mbichi ni maji. Kiangazi kikikaza tembo kule Ruaha na Tarangire wanauchimba na meno wanatafuna kupata unyevu. Na mbuyu ukifa haubaki umesimama mkavu kwa miaka mingi kama mninga au mpingo, unaporomoka wenyewe unabaki lundo la nyuzi nyuzi chini. Fundi hapo nyuzi zipo tena nyingi, watu wanasuka kamba kwa magome ya mbuyu toka enzi, lakini maji yakishaondoka nyuzi zile hazikuusimamisha mti.

#15 fundi randa
Bi Kizota hapo umenipa kitu cha kufikiria lakini kuoza nako kumo, mbuyu uliokufa unaoza haraka sababu ya huo unyevu, sio kwamba presha imeisha. Mnazi je? Mnazi hauna pete za ndani kama mninga, haunenepi mwaka hadi mwaka kama mti mwingine, ila mbao zake chini na pembeni ni ngumu mpaka msumeno unalia na katikati ni laini hovyo. Mita 20 juu, upepo wa bahari kila siku, na madafu kichwani. Hizo ni nyuzi zilizobanana pembeni, ndio mbao tunayopasua. Mti mrefu hausimami kwa maji.

#16 Ticha_Bio
Mnazi sawa kabisa na umeeleza vizuri, na zile seli za shina la mnazi zinaendelea kuongeza unene wa kuta zake kadiri mti unavyozeeka ndio maana chini ni ngumu kuliko juu. Lakini kati ya mchicha na mnazi kuna kundi kubwa. Mpapai uko hapo. Kata mpapai uone, katikati uwazi, mbao ya maana hakuna, seli nyingi hazina lignini, unategemea nyuzi za gome kwa nje na seli zilizojaa maji kwa ndani, na bado unaenda mita nyingi juu na mapapai yamemzunguka shingoni.

#17 Mwea Fresh
Niaje wadau, mimi niko Mwea, Kirinyaga, mpunga na nyanya. Hiyo story ya maji naikubali nusu. Shamba langu la mpunga liko ndani ya maji siku zote, maji si shida, na bado ukirusha nitrojeni nyingi mpunga unakua mrefu, laini, kijani kupita kiasi, halafu ukianza kubeba suke unalala chini wote. Seli zimejaa maji vizuri tu lakini kuta zake nyembamba. Kwa hivyo presha iko, ukuta hakuna. Mluguru uliweka mbolea gani hapo kwa migomba?

#18 Mluguru wa Mjini
Aisee. Niliweka yurea, viganja kadhaa kila mgomba, siku chache kabla. Na jambo lingine nimesahau kulisema huko juu, udongo ulikuwa mbichi, nilikuwa nimefungulia maji ya kijito asubuhi ile. Ndio maana jirani aliposema umekosa maji sikumwelewa.

#19 Mama Mchicha
Haya sasa. Udongo mbichi, jua kali, yurea. Kesi imegeuka.

#20 Batinah
Salamu kutoka Oman. Udongo mbichi haumaanishi mmea unapata maji, hilo tunalijua sana sisi huku. Ukanda wa Batinah visima vingi vimeingiwa na maji ya bahari kwa sababu ya kuvuta maji kupita kiasi, unamwagilia mpaka panatuama na mti unanyauka mbele ya macho yako. Chumvi ikiwa nyingi nje ya mzizi kuliko ndani, osmosisi inapunguza mwendo au inageuka kabisa, maji yanabaki udongoni. Migomba ndiyo inayoumia mapema, mtende unavumilia sana. Ukienda Salalah kule kusini, wanapata khareef, yaani mvua za msimu, na maji matamu, migomba na minazi imejaa barabarani utadhani uko Pemba. Yurea na yenyewe ikiyeyuka nyingi sehemu moja karibu na mizizi inafanya kazi ileile ya chumvi. Ulimwaga kwa mduara mpana au ulirundika shinani?

#21 Mluguru wa Mjini
Nilirundika shinani.

#22 Batinah
Basi mimi nasimama hapo.

#23 Dogo Fomu Siksi
Hii inaendana na kachumbari, ukitia chumvi mapema vitunguu na matango vinatoa maji vinalegea kabla hata hujala. Lakini Ticha, mchicha ukiingia kwenye sufuria unalala ndani ya dakika moja na maji hayajakauka, yamo humo humo kwenye sufuria. Hiyo nayo ni osmosisi?

#24 Ticha_Bio
Swali zuri sana. Hapo ni joto linaharibu ule utando. Utando ukiharibika hakuna tena wa kuzuia vitu vya ndani visitoke, presha inaisha hapo hapo hata kama mboga inaogelea kwenye maji. Ndio maana mboga iliyopikwa huwezi kuirudisha kwa beseni la Mama Mchicha, na iliyogandishwa kwenye friji nayo hivyo hivyo, barafu imepasua. Ukuta upo, maji yapo, aliyekufa ni utando. Kwa hiyo nasisitiza, maji peke yake sisemi, nasema maji yaliyoshikiliwa na seli hai.

#25 Afisa Ugani Mstaafu
Vijana nimewasoma. Naomba nirudishe mada shambani. Mgomba unaanguka kwa namna tofauti na kila namna ina sababu zake, ukichanganya utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Ukiona umeng'oka wote na mizizi imetokeza juu, mizizi mifupi, mieusi, imeoza, hao ni minyoo midogo ya udongoni, inakula mizizi mmea unakosa kushika ardhi. Ukiona umekatikia chini kabisa kwenye kisiki, ukikata kisiki unakuta mashimo na njia zimechimbwa, huyo ni fukusi, funza wake ndio wanaotoboa. Ukiona umejikunja katikati ya shina na chini kuko salama kama wa kwako, hapo usimtafute mdudu kwanza. Ni uzito wa mkungu, ukame, upepo, au upungufu wa potasi. Mgomba unakula potasi kuliko mazao mengi, na potasi ndiyo inayotumika ndani ya seli kuvuta na kushika maji. Mtu anaweka yurea tupu miaka nenda rudi, anavuna mikungu anauza mjini, kila mkungu umeondoka na potasi ya shamba, majivu harudishi, maganda anachoma. Angalia majani ya chini, kama yanageuka njano ya machungwa kuanzia pembeni na kukauka mapema hiyo ni potasi.

Na mkungu mkubwa uegemezewe. Miti miwili inayokatizana chini ya shingo, sio lazima usubiri uanze kuinama.

#26 Kamachumu Original
Shikamoo mzee. Nakubaliana isipokuwa mimi bado ningekata kile kisiki, fukusi anaweza kuwepo na shina likapinda juu, sababu mizizi iliyoliwa inaleta maji machache. Na mnyauko wa bakteria msiusahau, ule ulioonekana Uganda mwaka 2001 ukatushukia huku. Wenyewe unaziba mirija, mgomba unanyauka shamba limelowa chapachapa. Ukikata shina ukaacha kidogo unaona usaha wa njano unatoka, na ndizi zinaiva kabla ya wakati, ndani zina kutu. Mluguru kama umeona hayo, panga lako usilitumie kwa mgomba mwingine kabla hujalipitisha kwenye moto au jiki.

#27 Mluguru wa Mjini
Marahaba kwa niaba ya mzee 😄 Usaha wa njano hapana, maji meupe tu yenye utomvu unaochafua nguo. Ndizi zilikuwa mbichi safi tumezipika. Majani ya chini ni kweli yana njano pembeni lakini nilidhani uzee.

#28 Afisa Ugani Mstaafu
Marahaba wote wawili. Hiyo njano ndiyo niliyoiuliza.

#29 Dogo Fomu Siksi
Wakuu nimefanya jaribio sasa hivi jikoni. Nimechukua kitunguu cha majani, ile sehemu nyeupe, nikaipasua kwa urefu mara nne bila kuiachanisha chini, nikaitia kwenye glasi ya maji ya baridi. Baada ya muda vile vipande vyote vimejikunja kuelekea nje, vimefunguka. Nikachukua kingine nikatia kwenye maji ya chumvi nyingi, kimelegea tu kimelala, hakijajikunja nje. Kwa nini vinajikunja kwenda nje na sio ndani?

#30 mhandisi zege
Dogo umefanya kitu cha maana kuliko sisi wote. Vinakwenda nje kwa sababu ngozi ya nje ni ngumu haivutiki kirahisi, na seli za ndani ni laini zinataka kurefuka zikipata maji. Kabla hujapasua, za ndani zilikuwa zinasukuma zikizuiwa na ngozi, na ngozi ilikuwa imevutwa ikizuiliwa na za ndani. Ulipopasua, za ndani zikapata uhuru zikarefuka, ngozi ikabaki fupi, kipande kikapinda kuelekea upande mfupi. Kwa hiyo shina bichi lililosimama linavutana lenyewe ndani kwa ndani kabla hata halijabebeshwa mzigo. Ngozi inavutwa, ndani panabanwa, ndio ugumu unatokea hapo katikati ya hizo nguvu mbili.

Fundi randa na Ticha someni tena hapo.

#31 fundi randa
Nimesoma, na ngozi ngumu hiyo ni nyuzi 😀

#32 Ticha_Bio
Na kilichorefuka ndani ni maji 😀

#33 Bi Kizota
Na wewe mhandisi bado unasema umbo

#34 mhandisi zege
Bado nasema umbo.

#35 Kamachumu Original
Basi nielezeni hili maana mimi nimeliona toka utoto. Ukikata mgomba mchanga ambao haujazaa, kata sawa kabisa na panga kali. Ukirudi baada ya saa chache katikati pamechomoza, jani la ndani limepanda juu ya sehemu uliyokata, kesho yake limepanda zaidi, wakati maganda ya pembeni yamebaki palepale. Ndio ile aliyosema mhandisi kwamba ndani palikuwa pamebanwa pakaachiwa, au ni kukua tu?

#36 mhandisi zege
Saa za mwanzo ni kuachiwa.

#37 Ticha_Bio
Mimi nasema ni kukua. Lile jani la katikati lilikuwa linarefuka hata kabla hujakata, seli zake changa zinalegeza kuta kidogo kidogo na presha ya maji inazitanua, ndivyo mmea unavyorefuka. Kukata hakukulizuia kwa sababu sehemu inayokua iko chini kisikini, panga halikuigusa. Kuachiwa kungetokea mara moja halafu kukaisha, kisingeendelea mpaka kesho.

#38 Kamachumu Original
Lakini saa ya kwanza kinapanda kwa kasi kuliko baadae, nimeangalia sana hilo.

#39 Mwea Fresh
Hapo Ticha ajibu pole pole 😅

#40 Mama Mchicha
Mimi nauliza langu dogo. Mboga niambiwe zichumwe saa ngapi? Wakulima wanaonletea wanachuma saa sita wakishamaliza kazi zingine, nawaambia wachume alfajiri wananiona mkorofi.

#41 Afisa Ugani Mstaafu
Alfajiri mama, uko sahihi. Usiku mzima mizizi imejaza na jani halijaanza kupoteza. Ya saa sita unanunua mmea ambao tayari una deni la maji, hata shina la mti mkubwa hupungua unene kidogo mchana na kurudi usiku. Utaurudisha kwa beseni lakini hautakaa sokoni muda uleule.

#42 Batinah
Nakazia. Na ndio maana hata mgomba ulianguka saa tisa, sio saa kumi na moja asubuhi. Saa tisa ndio jani limetoka kupoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoleta, presha iko chini kabisa kwa siku nzima. Mkungu uzito wake haukubadilika tokea asubuhi, kilichobadilika ni shina.

#43 fundi randa
Sawa lakini migomba mingine ya shamba lile ilipata jua lile lile, saa ile ile, yurea ile ile. Mbona ukavunjika mmoja? Mluguru huo mgomba ulikuwa na tofauti gani na wenzake, ulikuwa umeinama? Mkungu ulikuwa mkubwa kuliko mingine? Shina lilikuwa na kidonda, mtu aliwahi kulipiga panga?

#44 Mluguru wa Mjini
Ulikuwa ndio wenye mkungu mkubwa kuliko yote, na ulikuwa umeinama kidogo upande wa kijito tokea mwezi uliopita. Kidonda sikumbuki ila tunapogolea majani makavu tunapita na panga hapo hapo usawa wa kifua. Kisiki nitakichimba Jumamosi nikikate vipande viwili nipige picha, na majivu ya jikoni nimeanza kuyatenga. Mingine miwili ina mikungu mikubwa nimeshaitia miti ya kuegemea leo.

#45 mchokozi_tz
Na picha ya mkungu wa kilo 30 usisahau

#46 Kamachumu Original
Kisiki kikate kwa upana, sio kwa urefu, mashimo ya fukusi yanaonekana vizuri zaidi. Anzia pale ganda linapoungana na kisiki, ushuke taratibu.